Mpishi Aliyefunzwa kwa Barua

Usimcheke binti yako akiunguza wali. Madhur Jaffrey, aliyezaliwa Delhi mwaka wa 1933, alianguka mtihani wa upishi shuleni. Alipokwenda London kusomea uigizaji, chakula cha huko kilimshinda kabisa. Akamwandikia mamake: nifunze kupika! Mama akamjibu kwa barua, akimweleza pishi moja baada ya jingine, naye binti akajaribu, akakosea, akarudia. Mwaka wa 1973 akatoa kitabu chake cha kwanza cha mapishi, na mwaka wa 1982 BBC ikampa kipindi cha runinga. Yasemekana alipopika kuku kwa ndimu na dania, hii hii unayoinunua sokoni, kesho yake dania ilikwisha madukani mjini Manchester.