Mtoto Asiyeona Ubaoni: Namna ya Kutambua na Kupunguza Kasi ya Tatizo la Kutoona Mbali



Katika madarasa yetu yumo mwanafunzi ambaye kila siku hunakili somo kutoka katika daftari la jirani yake badala ya kusoma ubaoni. Mwalimu humdhania kuwa anaibia majibu, wenzake humwita mvivu, na mzazi akipokea ripoti ya muhula humkaripia kwa kushuka nafasi. Huenda mtoto huyo hana kosa lolote, bali haoni kilichoandikwa ubaoni. Kwa kuwa hakumbuki kuona vinginevyo, hudhani kuwa watu wote huona kama yeye, na kwa hiyo halalamiki.

Makala haya yanaeleza tatizo la kutoona mbali kwa watoto, ambalo wataalamu wa macho huliita maiopia: linavyotokea, mzazi anavyoweza kulitambua, na hatua zinazoweza kulichelewesha au kupunguza kasi yake.

TATIZO LENYEWE NI NINI?

Ili tuone vizuri, mwanga unaoingia jichoni hukutanishwa na konea pamoja na lenzi, kisha taswira huangukia kwenye retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho. Kwa mtoto mwenye tatizo hili, mara nyingi jicho limerefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma. Taswira ya kitu kilicho mbali huangukia mbele ya retina, na mtoto huona ukungu. Kitabu kilicho mkononi hukisoma bila shida, na hiyo ndiyo sababu familia nyingi huchelewa kutambua kuwa pana tatizo.

Kwa kawaida hali hii huanza katika umri wa kwenda shule na huongezeka kadiri mtoto anavyokua, hadi ujana unapokaribia kumalizika. Inapoanza mapema, jicho huwa na miaka mingi zaidi ya kurefuka. Tatizo likifikia kiwango kikubwa, humweka mhusika katika hatari zaidi ya kupata maradhi mengine ukubwani, ikiwamo kubanduka kwa retina na presha ya macho, ambayo yanaweza kuleta upofu. Kwa hiyo kila mwaka tunaoweza kulichelewesha una faida.

HALI ILIVYO NCHINI

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya upimaji wa wanafunzi 2,511 wa shule za sekondari huko Mwanza. Asilimia 5.6 walikuwa na tatizo la kutoona mbali. Kwa wastani huo, darasa la wanafunzi 50 lingekuwa na watoto karibu 3 wa namna hiyo. Miongoni mwa wanafunzi wote waliokutwa na upungufu mkubwa wa kuona unaorekebishwa kwa miwani, ni takriban 3 tu kati ya 10 waliokuwa wakivaa miwani kabla ya upimaji. Utafiti uliotangulia katika shule za msingi za vijijini mkoani humo ulikuta watoto wachache zaidi wenye shida hiyo.

Tofauti hiyo ina funzo kwetu. Urithi wa wazazi huchangia, lakini mazingira nayo yana nafasi yake. Mtoto anayetumia saa nyingi kusoma kwa karibu na saa chache kwenye mwanga wa mchana yumo katika hatari zaidi. Watoto wa Makwale bado wana mwanga tele: wanatembea kwenda shuleni, wanacheza mpira, wanasaidia kuanika kokoa na kufukuza ndege mpungani. Mabadiliko huja wanapoingia madarasa ya mitihani, kambi za masomo na mabweni, ambako siku nzima hupita ndani ya chumba. Na siku hizi huja pia kwa njia ya simu ya mkononi.

DALILI ZA KUANGALIA

Mzazi, mlezi na mwalimu wamwangalie mtoto ambaye:
• hukunja uso au kufinya macho anapotazama kitu cha mbali;
• huomba kukaa mbele, au hunakili kutoka kwa mwenzake;
• hushindwa kumtambua ndugu yake aliye ng’ambo ya barabara mpaka asikie sauti;
• husogelea runinga, au huweka kitabu karibu sana na uso;
• hupoteza mpira uwanjani ilhali wenzake wanauona.

Jaribio jepesi laweza kufanyika nyumbani. Tundika kalenda ukutani mchana, mwite mtoto pamoja na mwenzake wa rika lake, uwasimamishe umbali ule ule, kisha wasome tarakimu huku kila mmoja amefunika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza. Rudia kwa jicho la pili. Ikiwa mmoja anashindwa kusoma kile ambacho mwenzake anakisoma, mpeleke akapimwe. Jaribio hili halichukui nafasi ya kipimo cha mtaalamu.

MWANGA WA NJE NI KINGA

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Guangzhou, nchini China, kwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Baadhi ya shule ziliongeza kipindi cha dakika 40 cha shughuli za nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 ya watoto wa shule hizo walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, ikilinganishwa na asilimia 39.5 katika shule ambazo hazikubadili ratiba.

Mwanga wa nje, hata chini ya kivuli cha mwembe, una nguvu mara nyingi zaidi kuliko mwanga wa darasani. Wataalamu hushauri mtoto apate walau saa mbili nje kila siku, zikijumlishwa safari ya shule, mapumziko na michezo. Mtoto asitazame jua moja kwa moja. Kinga hii husaidia zaidi kabla tatizo halijaanza. Kwa aliyekwisha kulipata, faida yake ni ndogo zaidi, lakini aendelee kwenda nje.

Tunawasihi walimu wasimzuie mwanafunzi darasani wakati wa mapumziko kama adhabu. Wanaosimamia kambi za masomo nao watenge muda wa michezo ya jioni kabla jua halijazama.

Wakati wa kusoma, kitabu au simu iwe mbali na uso kwa kadiri ya sentimita 30 au zaidi. Kila baada ya dakika 20 au 30, mtoto ainue macho atazame mbali kwa muda mfupi. Taa hafifu humlazimisha kuinamia daftari, hivyo kazi za shule zianze mapema kukiwa na mwanga.

JE, MIWANI HUHARIBU MACHO?

Hapana. Imani hii ndiyo inayowanyima watoto wengi msaada. Watu huona namba ya miwani ikiongezeka mwaka hadi mwaka, wakadhani miwani ndiyo chanzo. Kumbe jicho lingerefuka hata bila miwani. Kumpa mtoto miwani hafifu makusudi ili “asiizoee” nako hakupunguzi kasi ya tatizo.

Kuwa na miwani hakutoshi isipovaliwa. Katika utafiti wa shule za sekondari za Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2008, wanafunzi waliopewa miwani bure na waliopewa cheti cha kununua walifuatiliwa baada ya miezi mitatu. Waliokuwa wakiitumia ni asilimia 47 katika kundi la kwanza na asilimia 26 katika kundi la pili. Hata pale gharama ilipoondolewa, zaidi ya nusu hawakuivaa. Tusiwaite watoto hawa “babu” au “bibi” kwa sababu ya miwani. Neno moja la utani laweza kuirudisha miwani kabatini.

Yapo matibabu ya kupunguza kasi ya kurefuka kwa jicho, kama vile matone ya atropini ya kiwango kidogo sana na lenzi maalumu. Hayo huamuliwa na kusimamiwa na daktari wa macho. Usinunue matone dukani kwa kukisia, kwani yenye steroidi yakitumiwa bila usimamizi yanaweza kusababisha presha ya macho na mtoto wa jicho. Maji ya majani na dawa nyingine za kienyeji zisitiwe jichoni.

WAPI PA KUANZIA

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Eleza dalili ulizoziona na uulize siku ambayo mtaalamu wa macho anapatikana. Ikihitajika, utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kyela, na kutoka huko, kwa matatizo makubwa zaidi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Usisubiri miadi iwapo mtoto ana weupe ndani ya mboni, makengeza yaliyoanza ghafla, jicho jekundu lenye maumivu, au ameumia jicho. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Mtoto mwenye miwani apimwe tena walau mara moja kila mwaka, kwa kuwa miwani ya mwaka jana huenda haimtoshi leo. Familia inayopanga matumizi baada ya mauzo ya kokoa au mpunga iiweke miwani katika orodha moja na sare na madaftari.

Kabla ya kumwadhibu mtoto kwa kushindwa darasani, mwulize kwanza: “Unaona kilichoandikwa pale?” Kisha msikilize anavyojibu.