Ala za Kerisi Kisiwani Jawa

Katika kisiwa cha Jawa, nchi ya Indonesia, kuna jambia liitwalo kerisi. Mwaka 2005 shirika la UNESCO lililitaja kuwa urithi wa wanadamu wote. Wengi hulisifu kwa chuma chake; mimi nitaeleza habari za ala, maana miti yake ina jambo la ajabu.

Ala hiyo ina sehemu mbili. Ya chini ni nyembamba, nayo hushika chuma. Kwa kuwa mara nyingi huvikwa bamba la shaba au fedha, fundi huichonga kwa mti wa kawaida tu. Ya juu, iitwayo warangka, ni pana na huonekana wazi. Mti wa thamani huwekwa hapo. Warangka yenye umbo la mashua ni ya sherehe, na ile ya mviringo ni ya siku zote. Ala iliyochongwa yote kwa kipande kimoja ni adimu, na bei yake si ya maskini.

Je, mti wa thamani ni upi? Msandali hupendwa kwa harufu yake nzuri. Lakini mti usifiwao sana ni timoho. Timoho mzima ukiupasua, utaona mbao za rangi hafifu zisizo na uzuri wowote. Thamani yake ni mabaka meusi yaitwayo pelet, nayo hayapatikani katika kila mti. Husemwa kwamba huletwa na wadudu au kuvu. Basi ubao ambao seremala wa milango angeukataa kwa kuwa una kasoro, fundi wa ala huutafuta kwa bidii!

Mabaka hayo yana majina. Yaliyotawanyika kama maji yaliyopulizwa kwa mdomo huitwa sembur. Baka moja lililozunguka kama mshipi huitwa kendit, na wako waaminio kwamba humkinga mwenye kerisi na madhara. Kazi ngumu ni kupasua gogo, maana mabaka yamo ndani, na fundi hutaka yatokee mbele ya ala. Akikata vibaya, uzuri wote huishia katika takataka za karakana.

Penye mali hapakosi wadanganyifu. Wako wanaochukua mti usio na kitu wakauchora mabaka kwa rangi. Kwa hiyo mnunuzi mwerevu haridhiki na kutazama juu tu. Huchunguza kama weusi umeingia ndani ya mti.