Kukesha na Mwenye Maumivu

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 26, twasoma kwamba Bwana wetu katika bustani ya Gethsemane aliwaomba wanafunzi watatu wakeshe pamoja naye. Hakuwaomba wamwondolee kikombe; hilo alimwomba Baba. Wao aliwataka wakae karibu tu. Nao wakalala usingizi.

Sisi nasi tumelala mara nyingi. Twaitwa kwa ndugu mwenye kansa, twamkuta akilia kwa uchungu, twamsomea zaburi, twamwambia avumilie, kisha twaaga upesi. Wako hata Wakristo wanaodhani kwamba maumivu ni kipimo cha imani, na kwamba kutumia dawa kali ni kumkosea Mungu. Leo natuangalie kazi ya Mkristo mmoja aliyefundisha njia iliyo bora.

Cicely Saunders alizaliwa Uingereza mwaka 1918. Alikuwa mwuguzi, lakini kwa ajili ya ugonjwa wa mgongo aliiacha kazi hiyo, akawa mhudumu wa jamii hospitalini. Mwaka 1948, mjini London, alimtunza David Tasma, Myahudi mkimbizi kutoka Poland, aliyekuwa akifa kwa kansa mbali na kwao. Walizungumza mengi juu ya mahali ambapo mtu wa namna hiyo angeweza kufa kwa amani. Alipofariki, alimwachia paundi 500, ziwe dirisha katika nyumba atakayoijenga. Daktari mmoja mpasuaji akamshauri asomee udaktari, kwani madaktari ndio waliokuwa wakiwaacha wenye kufa. Akaanza masomo akiwa na miaka 33, akahitimu mwaka 1957.

Mwaka 1958 alianza utafiti katika hospisi ya St Joseph's, London. Hospisi ni mahali pa kuwatunza wagonjwa wasioweza kuponywa. Siku zile, katika hospitali nyingi, mgonjwa alingojwa mpaka maumivu yamzidi, ndipo apigwe sindano. Basi maumivu yalirudi kila mara, na hofu pamoja nayo. Dk. Saunders alitoa mofini ya kunywa kila baada ya saa nne, kabla maumivu hayajarudi, akaandika habari za wagonjwa zaidi ya 1,000. Aliona nini? Walitulia, wakazungumza na jamaa zao kwa akili timamu, wala hawakuwa watumwa wa dawa kama watu walivyoogopa. Tena alifundisha kwamba maumivu si ya mwili tu, bali pia ya moyo, ya jamaa, na ya roho.

Mwaka 1967 hospisi yake, St Christopher's, ilifunguliwa, na ombi lile la Gethsemane likawa msingi wake. Huko, katika miaka ya 1970, Dk. Robert Twycross alilinganisha mofini na heroini, akaona kwamba zikinywewa hazina tofauti kubwa. Hivyo nchi zisizo na heroini ya hospitali hazikuwa na sababu ya kukata tamaa. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: dawa itolewe kwa kinywa, kwa saa zake, na kwa ngazi, kutoka nyepesi hadi kali. Hapa kwetu, Nairobi Hospice ilianza kuhudumu mwaka 1990.

Labda mtu atasema, "Lakini Bwana msalabani alikataa divai yenye manemane." Ni kweli, Marko 15 yasema hivyo. Alikataa kwa ajili yake mwenyewe, akitimiza kazi ambayo hakuna mwingine angeweza kuifanya. Hakumwagiza mgonjwa yeyote akatae. Na yule Msamaria aliyemsifu hakumhubiria majeruhi uvumilivu. Alimtia mafuta na divai katika jeraha zake.

Basi tuendapo kwa mgonjwa, kabla ya kufungua Biblia tumwulize: Maumivu yakoje? Usiku walala? Akisema halali, tuwasaidie jamaa zake wamfikie daktari, wala tusiwatie hofu ya dawa aliyoagiza. Kisha tuketi, tuombe naye, na kesho turudi.

Tuombe. Ee Bwana uliyekesha peke yako, utuamshe sisi tulio wazito wa usingizi, tuwe karibu na wenye maumivu, kwa ajili ya jina lako. Amina.