Kwa Nini Usukani wa Lori Hutetemeka?

Msimu wa korosho unapofika katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, malori hushinda na hukesha barabarani. Mengi ya malori hayo ni ya siku nyingi. Hupakia magunia katika maghala ya vijijini, hupita katika njia za udongo mwekundu, kisha huingia katika barabara kuu ya lami itokayo Masasi kwenda Mingoyo, safari ya kuelekea bandari ya Mtwara. Katika njia ya udongo lori huenda polepole na dereva haoni kasoro yoyote. Likishapanda lami, na mwendo ukakaribia kilomita 70 kwa saa, usukani huanza kutetemeka mikononi mwake. Akipunguza mwendo mtetemo hutoweka, akiongeza, hurudi.

Dereva mmoja atasema kwamba boksi la stelingi limechakaa. Mwingine ataagiza tairi mpya. Wa tatu atakaza mikono na kuendelea na safari. Kila mmoja wao anaweza kupatia au kukosea, kwa kuwa dalili moja huweza kuzaliwa na sababu nyingi. Anayekosea hupoteza fedha kwa vipuri asivyovihitaji. Tena, kama kasoro yenyewe imo katika nati za gurudumu au katika viungo vya usukani, hubaki palepale ikikua hadi siku itakapoleta ajali. Fizikia inayofundishwa katika shule za sekondari inatosha kumwongoza fundi aipate sababu ya kweli.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika sehemu hizi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, na reli ikajengwa kuiunganisha Nachingwea na pwani. Mpango huo uliachwa mwaka 1951, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu wakati huo korosho, ufuta na mbaazi za wakulima wa huko zimetegemea lori.

Gramu 200 za udongo

Chukua gurudumu la lori lenye mzingo wa meta 3.2. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, yaani meta 22.2 kwa sekunde, gurudumu hilo huzunguka karibu mara 7 katika kila sekunde. Sasa tuseme kwamba mvua za kwanza zimenyesha, na bonge la udongo lenye gramu 200 limegandia na kukaukia upande wa ndani wa rimu, sentimeta 25 kutoka katikati ya ekseli.

Kitu kinachozunguka hakikubali kupinda njia yake bila kuvutwa, na kinapovutwa nacho huivuta ekseli. Kanuni ya kani hiyo iliandikwa na mwanasayansi wa Uholanzi, Christiaan Huygens, mwaka 1659. Kwa lugha ya leo, kani ni sawa na masi mara nusu kipenyo mara mraba wa kasi ya mzunguko. Kwa gurudumu letu, kasi ya mzunguko ni radiani 43.6 kwa sekunde, na hesabu hutoa kani ya niutoni 95 hivi. Hiyo ni karibu sawa na uzito wa ndoo yenye lita 10 za maji, nayo huivuta ekseli juu, mbele, chini na nyuma, mara 7 kwa sekunde.

Neno la kuangalia hapa ni "mraba". Mwendo ukiwa nusu, yaani kilomita 40 kwa saa, kani hushuka hadi robo, niutoni 24 tu. Ndiyo sababu dereva hakuona kitu katika njia ya udongo, ingawa bonge lilikuwepo. Kiraka kizito ndani ya tairi, au mpira uliolika upande mmoja, huwa na athari ileile. Tena mpira wa tairi uko mbali zaidi na ekseli kuliko rimu, na kwa hiyo gramu zilezile huko huvuta kwa nguvu zaidi.

Kwa nini mtetemo huwa na mwendo wake

Ekseli ya mbele, springi zake na vyuma vya usukani vina mtetemo wao wa asili, kama bembea ilivyo na mwendo wake. Mtoto anayesukuma bembea kwa kufuata mwendo huo huipandisha juu sana kwa nguvu kidogo. Hali kadhalika, idadi ya mizunguko ya gurudumu inapolingana na mtetemo wa asili wa ekseli na usukani, kani ndogo huleta mtikisiko mkubwa.

Mwendo ukizidi hapo, mtikisiko huweza kupungua. Madereva wengine wameligundua hilo, na hukanyaga mafuta ili "kuupita" mtetemo. Hiyo ni hatari. Kwa kilomita 100 kwa saa, kani ya bonge letu imefikia karibu niutoni 149. Mikono haiisikii kama awali, lakini beringi na viungo vinaendelea kupigwa.

Wakati mwingine mtetemo huja, hupotea, kisha hurudi wakati mwendo ni uleule. Sababu ni kwamba magurudumu mawili ya mbele hayalingani kabisa. Tairi moja ikiwa na mzingo wa meta 3.20 na ya pili meta 3.18, sehemu zake nzito hukutana na kuachana kila baada ya sekunde 23 hivi katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Ni jambo lilelile linalosikika nyuzi mbili za gita zinapokaribia kulingana sauti.

Kusoma dalili

Fundi mwangalifu huanza kwa maswali kabla ya kugusa spana. Mtetemo huanza katika mwendo gani? Husikika wapi? Huja wakati gani?

Mtetemo unaoonekana katika mwendo wa kasi peke yake, kwenye lami laini, huelekeza kwanza kwenye uzito usiolingana wa magurudumu ya mbele. Usukani ukiyumba hata katika mwendo mdogo, hushukiwa rimu iliyopinda au tairi isiyo duara kamili. Mtetemo unaokuja breki zinapokanyagwa, na kuondoka zinapoachwa, mara nyingi hutoka katika ngoma ya breki iliyopoteza uduara wake. Ukisikika katika kiti na sakafu kuliko katika usukani, yafaa kutazama magurudumu ya nyuma na propela shafti.

Hatari zaidi ni mtikisiko mkali unaozuka ghafla baada ya gurudumu kupiga shimo, ukaendelea wenyewe hadi lori likaribie kusimama. Huo haungoji uzito usiolingana. Viungo vilivyolegea huliacha gurudumu liyumbe kulia na kushoto, na kila myumbo huzaa mwingine. Wahandisi walisumbuliwa sana na tatizo hilo katika miaka ya 1920, tairi laini zenye hewa kidogo na breki za magurudumu ya mbele zilipoenea. Lori lenye dalili hiyo halifai kuendelea na safari.

Kupima lori likiwa limesimama

Kwanza nati zote za magurudumu hukaguliwa, na udongo wote hukwanguliwa ndani ya rimu. Mara nyingine kazi huishia hapo. Kisha lori huwekwa mahali tambarare, magurudumu ya nyuma huzuiwa, ekseli ya mbele huinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya vigogo imara. Jeki peke yake haitoshi.

Fundi hushika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Likicheza, msaidizi hukanyaga breki, na fundi hutikisa tena. Kucheza kukikoma, beringi za gurudumu zimelegea; kukiendelea, kasoro imo katika kingipini, ile pini nene ya wima ambayo gurudumu hugeukia, au katika bushi zake. Halafu hushika upande wa kulia na wa kushoto. Likicheza hapo, hukaguliwa viungo vya tairodi na vya stelingi. Mwisho, gurudumu huzungushwa polepole mbele ya kipande cha chaki kilichowekwa imara karibu na tairi. Nafasi kati ya chaki na tairi ikipanuka na kupungua, tairi au rimu si duara, au ukingo wa tairi haukukaa sawasawa katika rimu.

Rimu za malori mengi ya zamani hufungwa kwa ringi ya chuma. Hewa yote lazima itolewe kabla ringi hiyo haijaguswa, kwani ikifyatuka ina nguvu za kuua.

Kubadili jambo moja tu

Kama viungo ni vizima, zamu inayofuata ni ya jaribio. Tairi za mbele huhamishiwa nyuma na za nyuma zenye kipimo kilekile huletwa mbele. Kisha lori huendeshwa katika barabara ileile, kwa mwendo uleule na shehena ileile. Mtetemo ukihama kutoka katika usukani kwenda katika kiti, tairi zimekiri. Ukibaki mikononi, tairi hazina hatia.

Fundi anayebadili tairi, beringi na tairodi kwa siku moja huenda akauondoa mtetemo, lakini hatajua kilicholeta nafuu, na lori la kesho litamgharimu vilevile. Pia vipande vya risasi vinavyopachikwa katika rimu ili kulinganisha uzito haviponyi kingipini iliyolika. Hupunguza dalili tu, na ugonjwa ukabaki.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuyaonyesha haya kwa baiskeli iliyopinduliwa. Wanafunzi wagandishe donge la udongo wa mfinyanzi katika rimu ya gurudumu la mbele, waliache lizunguke lenyewe, na waone mahali linaposimama: donge litatua chini. Kisha walizungushe kwa nguvu, polepole na kwa kasi, wakiwa wameshika usukani. Wagandishe donge la pili lenye uzito uleule upande unaolikabili la kwanza, na warudie. Kila mara waandike walichobadili na walichosikia mikononi. Daftari la namna hiyo lina kazi ileile darasani na katika gereji ya Ruangwa.