Je, Wajua? King Majuto alikuwa msanii kabla ya televisheni

Wewe uliyemcheka mchekeshaji huyu kwenye kibanda cha video hapo Majengo, Mpanda, huenda ulimjua kwa jina la usanii tu. Jina lake halisi ni Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga, mwaka 1948. Alianza kuigiza jukwaani akiwa bado mtoto. Tanzania Bara ilipopata televisheni mwaka 1994, yeye alikuwa na miaka 46! Labda ni uzoefu huo wa jukwaani uliofanya asihitaji maneno mengi: jicho moja tu, watu hoi. Sharo Milionea, kijana aliyeigiza naye vichekesho, alimtangulia kufariki, katika ajali ya gari Muheza, Novemba 2012. Mzee Majuto alifariki katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, akazikwa kwao Tanga.