Mvuke wa Zebaki Humbakia Nani?

Anayemeza tone la zebaki kwa bahati mbaya ana nafuu kuliko anayevuta mvuke wake. Tumbo hulipitisha tone karibu lote. Mapafu hunasa takriban asilimia 80 ya mvuke na kuutia kwenye damu. Katika machimbo ya dhahabu ya Rongo na Migori kwa jumla, nchini Kenya, hapo ndipo inapoamuliwa nani ataugua.

Vijana wa kiume huingia shimoni. Kuponda mawe na kuosha unga wake kwenye karai mara nyingi ni kazi ya wanawake, wakikanda zebaki kwa mikono mitupu ili inase chembe za dhahabu. Donge hilo jeupe huchomwa juu ya makaa, uani au jikoni kwenyewe, watoto wakiwa karibu. Likifika nyuzijoto 357 zebaki huchemka na kuruka. Mnunuzi huondoka na dhahabu. Mama hubaki na mikono inayotetemeka, usingizi wa mang'amung'amu na kusahausahau. Akiwa mjamzito, sumu humfikia mtoto tumboni. Na kwa kuwa huku malaria haina msimu, kichwa kikiuma mbu ndiye hulaumiwa kwanza.

Hali ya hewa nayo huchochea hatari hii. Mahindi yakikauka, familia hufuata senti machimboni. Mvua ikizidi, mashimo yaliyoachwa wazi hujaa maji na kuwa mazalio ya mbu, huku mchanga wenye zebaki ukisombwa kuelekea Mto Kuja, ambao Wagusii huuita Gucha, hadi Ziwa Victoria kupitia nyanda za Nyatike zinazofurika kila mara. Ndani ya tope, bakteria huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi inayojikusanya katika samaki. Ni hiyo iliyowalemaza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956. Mla samaki anaweza kulipia dhahabu asiyowahi kuiona.

Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2013, unaotaka uchomaji huu wa donge mahali wazi ukomeshwe, hasa kwenye makazi. Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo, ingawa kwa maoni yangu bado tunamfikiria wa shimoni kabla ya yule wa karai. Kuna chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachoupoza mvuke ukarudi kuwa zebaki ya kutumika tena. Ni akiba, wala si afya tu. Lakini chuma hakionyeshi ndani, na donge huwa la watu kadhaa; kila mmoja anataka kuliona kwa macho yake likigeuka njano.