Mawazo yamekukaba? Tafuta bibi!

Kuna mtu saa nane za usiku yuko macho kodo, anahesabu boriti: kodi ya chumba, ada, mume asiyesemeka. Asubuhi hata hamu ya kuoga hana. Majirani wanasema anaringa, wengine eti karogwa. Kumbe mwenzenu anaumwa!

Washona wa Zimbabwe wanauita ugonjwa huo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari wa akili, Dixon Chibanda, alianza na mabibi 14 wa Mbare, Harare. Aliwafundisha, akawaweka kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi hatoi kidonge wala hahubiri. Anakusikiliza weee, kisha anauliza: katika yote hayo, tuanze na lipi? Moja tu! Mnapanga hatua ndogo, siku nyingine unarudi kueleza umefikia wapi.

Huna benchi? Mtafute shangazi asiye na domo. Toka, tembea hadi sokoni hata kama hujisikii. Bia achana nayo. Utalala, lakini alfajiri mawazo yatakusubiri pale pale. Ila ukianza kufikiria kujiua, jamani, usingoje shangazi. Hospitali leo leo, na mtu akusindikize.